Glavu za Bibi Osla na Upinde wa Babu

Haukuwa mkono. Naomba niseme hilo kwanza, maana nikianza na mengine nitapasuka. Haukuwa mkono wa Babu, haukuwa kiharusi kimerudi, haukuwa uzee. Ilikuwa glavu. Glavu, jamani. Tena glavu nzuri kuliko zote zilizowahi kufumwa hapa Yell, kisiwa chetu cha kaskazini, na mimi Yell naijua, nimezaliwa hapa na nikimaliza chuo Aberdeen nitarudi hapahapa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo nisije nikawachanganya.

Dada yangu Merran alikuwa anaolewa na Hakon, na harusi ikawekwa Desemba, karibu na Krismasi, kwa sababu Hakon anavua kwenye meli kubwa na likizo ya maana anaipata wakati huo tu. Desemba kwetu jua linachungulia, linaona hali ilivyo, linaondoka zake, kwa hiyo harusi inafungwa mchana. Na harusi yetu haianzii kanisani. Inaanzia nyumbani kwa bi harusi. Watu wanajipanga wawili wawili, mpiga fidla anatangulia mbele kabisa, na mnatembea hivyo mpaka kanisani huku yeye anapiga na jirani mmoja anafyatua bunduki hewani. Kuna watu siku hizi wanakwenda kwa magari. Sisi hatumo.

Babu yangu Ertie ndiye amewatangulia maharusi wa upande huu wa kisiwa tangu hajaota ndevu. Alimtangulia mama yangu, akawatangulia shangazi zangu wote, akamtangulia hata mwanamke mmoja aliyewahi kumkataa yeye, na Bibi mpaka leo humwambia kwamba siku ile alipiga vizuri kupita kiasi. Kwa hiyo Merran alipotangaza uchumba, hakuna aliyeuliza nani atapiga. Ingekuwa kama kuuliza nani atakuwa bi harusi.

Halafu majira ya kuchipua Babu akapata kiharusi. Kidogo, walisema madaktari, kama vile kuna kiharusi cha kukaribisha nyumbani. Mdomo ukarudi, mguu ukarudi, ila mkono wa kulia ukawa unasuasua. Na mkono wa kulia ndio unaoshika upinde. Vidole vya kushoto vinatafuta noti za wimbo, sawa, lakini sauti yenyewe inatoka kulia: usipobonyeza upinde vizuri, fidla haisemi.

Bibi Osla hakulia mbele ya watu. Alimpa donge la uzi wa sufu akamwambia akae alibonyeze. Akaamka anabonyeza, akalala anabonyeza, kaangalia taarifa ya habari anabonyeza. Kiangazi kikapita. Mwanzoni mwa vuli akaishusha fidla kutoka kwenye msumari wake pale ukutani, na mwezi wa Oktoba nilipopiga simu kutoka Aberdeen nilimsikia nyuma ya sauti ya Bibi anapiga, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nilikaa chini palepale kwenye korido ya hosteli nikalia mpaka mwenzangu wa chumba akadhani nimefiwa.

Tatizo likabaki baridi. Ndani jikoni mkono unatii, ukitoka nje unakuwa ubao. Daktari akasema mambo ni rahisi, mkono ule usipoe. Sasa wewe mwambie Bibi Osla kwamba kuna kitu kisipoe. Alishika sindano zake jioni ileile.

Niliporudi nyumbani kwa likizo nikazikuta zimekwisha, zimelala mezani kama paka wawili. Kijivu na nyeusi, za sufu ya kondoo wake mwenyewe, uzi kausokota mwenyewe, na nyota ndogo ndogo mgongoni mwa kiganja. Ya kushoto aliacha ncha za vidole wazi, na dole gumba lote wazi, maana dole gumba hilo linateleza kwenye shingo ya fidla na sufu ingelikwaza. Ya kulia ilifunika zaidi, mpaka viungo vya katikati, na sehemu ya kifundoni ameifuma ndefu na ya kuvutika iingie ndani ya koti upepo usipate mlango. Nikazichukua. Zilikuwa nzito kidogo, na zinanata kwa mbali, na zinanuka kondoo.

Hapo ndipo ujanja wa Bibi ulipokuwa, na ndipo sote tulipompigia makofi. Kwetu kitu kikishafumwa kinafuliwa kwa sabuni mafuta ya kondoo yatoke, halafu glavu inavalishwa ubao wenye umbo la kiganja ikauke imenyooka. Isipokuwa glavu za baharini. Hizo sabuni haizigusi. Mafuta yanaachwa humohumo ili maji yateleze, mvuvi avute nyavu siku nzima na mikono yake imo humo haina habari. Bibi kawafumia baba yake, kaka zake na mume wake glavu za namna hiyo maisha yake yote. Akasema Babu atatembea kwenye mvua ya theluji, na mvua ya theluji ni bahari tu iliyosimama, basi apewe za baharini. Tukasema wote, mama, baba, mimi, hata Hakon ambaye kwa Bibi haongei sana: Bibi, una akili.

Wiki ya harusi Babu akataka kujaribu nje. Akavaa koti lake, akavaa glavu, akaweka fidla kidevuni, tukajipanga nyuma yake kwa mzaha, Merran kajitanda kitambaa cha meza eti ni shela. Kulikuwa na mvua ya theluji ya kawaida, ile inayokuja kwa ubavu. Akaanza kupiga kutoka mlangoni kuelekea getini.

Alianza vizuri sana. Nawaambia mimi mwenyewe nilisikia. Sauti ilikuwa yake ileile, ya kukwaruza kidogo chini na tamu juu. Kisha matone yakaingia kwenye nywele za upinde, naye akafanya anachokifanya siku zote akipiga nje: akaupitisha upinde ndani ya ngumi yake, mara moja, kuufuta, akaendelea. Sauti ikawa nyembamba. Akafuta tena. Ikawa nyembamba zaidi. Kufika kwenye zizi ilikuwa inapumua tu, kama mtu anayepuliza chai, na kabla ya geti hatukusikia chochote isipokuwa upepo. Mkono wake unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, na fidla kimya.

Akasimama. Akautazama mkono wake wa kulia kwa muda, akaukunja na kuukunjua. Hatukucheka tena. Merran akakivua kile kitambaa cha meza.

Babu akatangulia kuingia ndani. Akaifuta fidla kwa taratibu, badala ya kuitundika akanikabidhi mimi, na upinde wake, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuomba chumvi:

“Chukua, kadogo. Ni yako sasa. Utamtangulia dada yako.”

Nikamwambia sitaki. Akasema hakuniuliza. Akamgeukia Merran akamwomba msamaha, eti mkono umemwangusha, na Merran, ambaye ni mwanamke wa kuzalisha kondoo peke yake usiku wa dhoruba, akatoka nje akajifungia kwenye gari.

Nataka mwelewe kwamba si fidla tu iliyokuwa pale. Bibi aliniambia tukiwa tunaosha vyombo: kama Babu akimaliza na fidla, amemaliza. Ataanza kukaa dirishani. Baba yake alikaa dirishani, na baada ya hapo haikuwa muda mrefu. Alisema hivyo huku anasugua sufuria iliyokuwa tayari safi.

Na kesho yake asubuhi, kweli, Babu alikuwa kwenye kiti cha dirishani. Donge la uzi liko sakafuni.

Habari kisiwani haina miguu lakini inafika. Kabla hatujamaliza chai mama yake Hakon akapiga simu. Mama mkwe wa watu ni mwema, sisemi, ila ana binamu yake anapiga zumari la mfuko, lile la Waskoti wa bara, na binamu yuko tayari, na ana sketi yake ya kiume ya kuvalia zumari. Mama alishikilia simu mbali na sikio kama imemng'ata. Bibi akauliza kwa mbali ni nini. Akaambiwa. Bibi akasema ampe salamu huyo mama, amwambie kwamba nyumba hii haijawahi kumpeleka binti kanisani nyuma ya mfuko wa kelele, na kwamba Vaila atapiga.

Vaila ndiye mimi.

Sasa mimi napiga, ndiyo. Napiga kwenye baa za Aberdeen na wenzangu Ijumaa. Lakini kutangulia harusi ni kitu kingine, ile tuni ya njiani ina mwendo wake wa kuwavuta watu bila kuwakimbiza. Kwa hiyo nikaichukua fidla ya Babu, nikachukua upinde wa Babu, nikaenda zizini kufanya mazoezi ili asinisikie. Ng'ombe wetu wawili wakageuza vichwa. Nikaweka upinde kwenye nyuzi nikavuta.

Hakuna kitu.

Nikavuta tena. Upinde ukateleza kama uko kwenye barafu. Nikabonyeza kwa nguvu zangu zote, na mimi nina nguvu, nacheza mpira wa mikono chuoni. Ukatoa sauti ya panya.

Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba na mimi nimelaaniwa. La pili, kwamba upinde umekaukiwa utomvu. Mnajua, nywele za upinde ni za mkia wa farasi, na bila kupaka ule utomvu mgumu wa msonobari haziishiki waya, zinapita tu. Nikatoa kipande changu nikapaka. Utomvu haukushika. Ulijikusanya kwenye nywele madonge madonge, kama unga kwenye sufuria yenye mafuta.

Mafuta.

Nikauleta upinde puani. Ulinuka kondoo. Si kidogo, ulinuka kondoo mzima, na miguu yake.

Nilisimama pale nikafikiria kitu kimoja tu: mimi sijapata kiharusi. Mkono wangu hauna ubaya wowote, na upinde huu umenikatalia mimi vilevile ulivyomkatalia yeye. Nikauona mkono wa Babu unapita kwenye nywele zile, umevaa glavu yenye mafuta ya baharini, mara ya kwanza, mara ya pili, na kila anavyofuta ndivyo anavyozidi kupaka. Sijui kama nilipiga kelele. Ng'ombe walipiga, hilo nakumbuka.

Nilikimbia. Nilianguka kwenye matope mara moja na fidla nimeinyanyua juu kama mtoto mchanga. Nikaingia jikoni nimejaa tope mpaka nyusi, na Bibi akaanza kunisomea kuhusu sakafu, nami nikaongea juu ya sauti yake, haraka, bila kupumua: si mkono, ni upinde, una mafuta, hata mimi hausemi, nimejaribu, nusa.

Babu hakugeuka kutoka dirishani.

“Kadogo,” akasema, “usinibembeleze. Mimi si mtoto.”

Nikamwambia simbembelezi, anuse. Akasema upinde wowote Yell unanuka kondoo. Akasema mimi ni mtoto mwema na nina moyo wa mama yangu, ila mkono ni wake na anaujua, alisikia jinsi ulivyokuwa mwepesi kule nje, kama hauko. Nikamwambia ulikuwa mwepesi kwa sababu hakukuwa na kitu cha kushika. Akasema haya. Ile haya ya mtu mzima anayetaka unyamaze. Nilikuwa nina habari njema kuliko zote nilizowahi kubeba na mwenyewe hazitaki.

Hapo nikakumbuka Bibi yuko nyuma yangu, na kwamba nimetangaza mbele ya mama, baba na Mungu kuwa glavu zake zimeharibu harusi.

Mwelewe Bibi Osla. Huyu ni mwanamke ambaye sweta zake zimekwenda mpaka nchi nisizoweza kutamka. Kuna mtu wa makumbusho aliwahi kumwambia kwamba nyota zake zimekaa tofauti na za zamani, akamjibu kwamba basi za zamani zilikosewa. Hajawahi, katika maisha yangu yote, kukiri kwamba amekosea hata kushona kifungo. Nikageuka taratibu nikingoja kuchomwa na sindano ya kufumia.

Bibi alikuwa ameketi. Glavu iko mkononi mwake na anaisugua kwa dole gumba na kidole cha shahada, anaangalia vidole vinavyong'aa. Uso wake ulikuwa unafunguka pole pole kama mlango wa siku ya sikukuu.

“Ni mimi,” akasema. “Ertie, ni mimi nimefanya.”

Babu akamwambia na yeye aache.

“Niache nini? We mzee, miaka yote unatafuta kosa langu, leo nakupa moja unalikataa?” Akasimama. “Vaila, lete upinde wako wewe. Ule wa chuo.”

Nikauleta. Ni upinde mzuri, niliununua kwa kufanya kazi majira mazima ya joto kiwanda cha samaki. Bibi akamwekea Babu fidla mapajani akamwambia apige. Babu akasema hataki mchezo. Bibi akasema si mchezo, ni amri. Akapiga, kwa kukasirika, na kukasirika kukamsaidia: sauti ikajaa jikoni, nene, ikatikisa vikombe kwenye ndoano zake. Akashituka mwenyewe.

“Humu ndani kuna joto,” akasema haraka. “Nje ndiko unakokufa.”

“Sawa,” Bibi akasema, “basi usitoke.” Akamnyang'anya upinde, akavaa glavu ya kulia, na kabla sijaelewa anachotaka kufanya akaupitisha upinde wangu, upinde wangu wa kiwanda cha samaki, ndani ya ngumi yake. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu kwa starehe. Nilisema Bibi jamani, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Akamrudishia.

“Piga. Hapohapo penye joto.”

Babu akapiga. Panya. Akabonyeza. Akapiga tena, na ikawa kama mtu anayepuliza chai. Kile kimya cha getini kilikuwa kimekuja jikoni, kiko kwenye kiti chenye mto karibu na jiko la moto, na mkono wa Babu ni uleule uliotikisa vikombe sasa hivi tu.

Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimemwona mtu anapata habari. Zilimwingia kutoka juu kushuka. Macho kwanza, halafu mabega, halafu ule mkono wenyewe, akaunyanyua akautazama kama mtu anayemwomba radhi ndugu aliyemsingizia wizi.

“Osla,” akasema, “umeniua na umenifufua ndani ya siku mbili.”

“Na bado unalalamika,” Bibi akasema, na ndipo sasa akalia, amekaa kwenye ukingo wa kiti chake Babu, glavu bado mkononi, anafuta machozi nayo na kujipaka mafuta ya kondoo uso mzima. Mama akaenda garini kumtoa Merran ambaye alikuwa amejifungia tena, wakarudi wawili wote hawaeleweki.

Babu alipotulia akanitazama mimi na matope yangu.

“Kadogo, ile fidla nilikupa jana.”

“Ulinipa, Babu.”

“Niazime basi.”

Nikamwambia nitafikiria. Akacheka mpaka akakohoa.

Furaha ikatupitia kisha tukakumbuka kwamba kesho ni harusi na nyumba nzima ina pinde mbili, zote zimepakwa mafuta, moja na mkono wa Babu bila kujua na nyingine na Bibi makusudi. Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba yule binamu mwenye sketi hajaambiwa hapana rasmi.

Babu akasema ileteni ile spiriti ambayo nesi aliiacha wakati wa sindano zake. Akaketi mezani, akalegeza nywele za upinde wake, akafunga kitambaa kwenye ule mti ili spiriti isiguse rangi, akaanza kuzisafisha. Kidogo kidogo, kutoka chini kwenda juu, anabana nywele kati ya vidole kwa kipande cha pamba, anatupa pamba, anachukua nyingine. Kazi ya vidole vidogo, ya kubana bila kukata, na alikuwa anaifanya kwa mkono wa kulia. Sidhani hata alitambua. Mimi na Merran tulitazamana juu ya kichwa chake, na Merran akanifinya paja chini ya meza mpaka leo pana alama. Alipomaliza nywele zilitawanyika kama za mtu aliyetoka kuoga. Zikakauka. Akazipaka utomvu, na utomvu ukashika, vumbi jeupe, nyororo. Akavuta noti moja ndefu. Hakupiga nyingine. Ilitosha.

Upande wa pili Bibi alikuwa na beseni. Alizifua zile glavu kwa sabuni ya vyombo mara moja, akanusa, mara ya pili, akanusa, na kila akinusa anasema kitu kuhusu kondoo ambacho sitakiandika. Akazivalisha ubao, akaziweka karibu na jiko, akakaa mbele yake kama anayelinda mkate. Mwishoni alimpa Babu azinuse yeye. Babu akanusa akasema zinanuka ndimu, ataenda kanisani ananuka kama sahani. Bibi akasema akipenda avae soksi.

Kuhusu mvua alikuwa ameshafikiria. Glavu isiyo na mafuta itaingiza maji, na Babu atataka tu kuufuta upinde, huwezi kumwondolea mtu mazoea ya maisha kwa usiku mmoja. Baba akapendekeza mwavuli. Tulimcheka, mwavuli Yell unakaa wazi kwa muda wa kusema mwavuli. Bibi akasema atatembea mbele pamoja naye. Mama akasema Bibi, mahali pa Bibi ni nyuma na wazee wenzake. Bibi akasema amehama.

Basi kesho yake ndivyo tulivyokwenda. Jirani yetu Jeemsie akafyatua bunduki, mbwa wote wa kisiwa wakajibu, na Babu akaweka fidla kidevuni. Nilikuwa msimamizi wa bi harusi kwa hiyo nilikuwa karibu, nyuma yake kabisa, na niwaambie ukweli sikuwa napumua. Mvua ya theluji ilikuwa inakuja kwa ubavu kama kawaida yake.

Akavuta.

Sauti ikatoka. Ikatoka tu, kama hakuna kilichowahi kutokea, kavu chini na tamu juu, na mstari mzima ukaanza kutembea bila mtu kuuambia. Tukapita zizi. Tukapita geti, na pale getini Merran alinishika mkono, na geti likabaki nyuma na sauti bado iko mbele. Kila matone yalipoingia kwenye upinde, mkono wa Babu ulikwenda wenyewe kutaka kufuta, na kila ulipokwenda Bibi alikuwa ameshafika na leso safi ya kitani, anaufuta yeye, Babu akikosa noti moja tu na kuikamata inayofuata. Ikawa sehemu ya tuni. Watu wa nyuma walidhani ndivyo tulivyopanga. Mama mkwe aliniambia baadaye kwamba ni desturi nzuri sana hiyo, mke kumfutia mumewe upinde, kwao imepotea.

Kuna pahali barabara inapanda na upepo unakupiga kifuani. Hapo nilimwona anauma mdomo, na nikaona bega la kulia linashuka kidogo. Bibi naye aliliona. Alihamia tu upande ule wa upepo akatembea na mgongo wake umetanda kama mlango, mwanamke mfupi vile, na bega likapanda tena.

Tukafika kanisani. Mchungaji alikuwa mlangoni na joho lake linampiga usoni, Hakon ndani amesimama amegeuka rangi, watu wameshaanza kunyoosha mikono wavue makoti. Kwa kawaida mpiga fidla akifika kizingitini anamaliza, anasogea pembeni, bi harusi anapita.

Babu hakusogea. Alifika mwisho wa tuni, akavuta pumzi, akairudia tangu mwanzo.

Mchungaji akatabasamu akasubiri. Ikaisha. Akaianza mara nyingine, sasa na vikorombwezo ambavyo sijawahi kuvisikia, macho amefumba, theluji imemjaa kwenye nyusi, na Bibi hafuti tena, amesimama tu na leso yake. Mstari wote uko nje kwenye mvua, hakuna aliyekereka. Jeemsie alikuwa analia waziwazi na bunduki begani.

Merran akasogea mbele, shela imelowa imemganda shingoni, akamgusa mgongoni.

“Babu, basi niache niolewe.”

“Subiri kidogo,” Babu akasema bila kufumbua macho. “Mkono ndiyo kwanza umepata moto.”